Kizuri Kisichojiuza

Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Lakini mimi, ndugu msomaji, nilipata kununua kizuri ambacho hakikujiuza, na hasara yake ningali nayo moyoni.

Mwaka 2014 nilitoka nyumbani Mchikichini nikaenda Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, nikanunua Nokia Lumia yenye mfumo wa Windows Phone. Ilikuwa nyepesi kutumia, na picha zake safi. Ila programu zake zilikuwa haba. Hata ya benki yangu haikuwamo. Nikajiliwaza kwamba M-Pesa yataka *150*00# tu, na simu yo yote yatosha.

Walakini watengenezaji wa programu huwafuata watumiaji walio wengi, na watumiaji nao huzifuata programu zilizo nyingi. Kampuni ya Microsoft, iliyonunua biashara ya simu ya Nokia mwaka ule ule, iliwalipa hata watengenezaji ili waje, wasije wa kutosha. Mwaka 2017 ikatangaza kuwa haitautia mfumo ule mambo mapya. Tarehe 31 Desemba 2019 WhatsApp ikakoma katika simu hizo.

Marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikaa Tanga. Kila Ijumaa alinitumia dua kwa sauti yake, kwa simu ya mjukuu. Nilipohamia Android, mazungumzo yale hayakuhamika. Na simu ya zamani ilipokufa, sauti ya mama ikapotea nayo. Simlaumu mtu. Ni mimi niliyechagua kwa macho, nisiweke akiba.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia. "Shikamoo mjomba. Nichukue iPhone iliyokwisha tumika, au Android mpya?"

"Marahaba. Kwanza niambie utaifanyia nini."

Akataja: masomo, benki, Kurani, na kuzungumza na mama yake. Nikamwambia aulize dukani kama programu hizo zafunguka katika simu ile ile, na mtengenezaji ataihudumia miaka mingapi tena. Maana hata iPhone huzeeka. Tarehe 5 Mei 2025 WhatsApp iliziacha iPhone 5s na 6. Na simu mpya za Huawei, tangu mwisho wa mwaka 2019, huuzwa bila duka la programu la Google, ijapokuwa umbo lake lapendeza.

Akachukua Android. Kabla hajaondoka nilimwusia neno moja, nanyi vijana nawausia: sauti ya mzazi msiiweke katika simu moja tu. Inakilini leo, angali hai.