Matete ya Mfereji wa Mahoo

Jina la Taveta limefika ughaibuni kwa ajili ya ndege mdogo wa rangi ya dhahabu. Wataalamu walimwandika vitabuni mnamo 1890, nao humwita kwera wa Taveta. Wengine husema mnana tu. Makao yake ya asili ni Kenya na Tanzania, basi.

Huko Mahoo, si mbali na mji wa Taveta, aliishi bibi mmoja mwenye migomba kando ya mfereji. Kila masika kwera walijenga katika matete yaliyoinamia maji. Mjukuu wake, msichana wa chuo kikuu, alikuja likizoni na kisanduku cha mbao chenye tundu, akakitundika mwembeni, akawangoja wapangaji. Kwera hawakukitupia jicho. Ndege huyu hapangi nyumba ya mtu. Dume huchana nyuzi za majani mabichi kwa mdomo, huzifunga na kuzisuka hata chumba kikaning'inia juu ya maji. Jike huja kukagua. Asiporidhika, kiota hunyauka na fundi huanza upya. Maji yale ndiyo boma: paka wa nyumbani hafiki.

Mwaka huo mvua ilikatika mapema. Wenye mashamba ya chini wakaazimia matete yafyekwe ili maji yawafikie. Haikuwa chuki, kwani mahindi yao yalikuwa yakikauka. Kijana mmoja akatumwa na panga.

"Shikamoo, bibi. Hawa si ndio wanaotumalizia mpunga?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Wala mpunga ni kweleakwelea, wajao kama wingu. Hawa huwalisha wana wao wadudu."

Bibi alisema nusu ya kweli, maana kwera naye hudonoa nafaka. Lakini aliomba mwezi mmoja, muda unaotosha takriban yai kuanguliwa na kinda kuruka.

"Mwezi, bibi? Mahindi ya mama yatakuwa kuni!"

Ndipo bibi alipotoa alichokuwa nacho: zamu yake ya maji. Waichukue wenye mahindi, naye aachiwe matete ya upande wa migomba yake. Ya ng'ambo yafyekwe siku hiyohiyo. Kijana akakubali. Kuanzia hapo mjukuu ndiye aliyeteka maji kwa ndoo, alfajiri na jioni, akiinywesha migomba mmoja mmoja. Mitatu ilianguka hata hivyo, na mikungu yake ilikuwa bado michanga. Upepo nao, uliopata njia kwenye ukingo ule mtupu, uliangusha viota viwili majini. Bibi hakuvizungumzia.

Makinda yaliyosalia yaliruka wiki ya mwisho ya likizo. Kijana akarudi na panga, akasalimu, akasubiri hadi bibi alipotikisa kichwa kukubali.

Kisanduku cha mwembeni kilibaki palepale. Nyuki walikihamia.