Springi Iliyobanwa

Chuma hakina hasira, lakini chuma kilichobanwa hufanana sana na mtu aliyeudhiwa akanyamaza. Springi ya gari ikiwa huru mezani, mtoto aweza kuichezea. Ikiwa mahali pake garini, hubeba karibu robo ya uzito wa gari na abiria wake, na kutwa nzima hailalamiki. Hatari yake imo katika kuhama kutoka hali moja hadi nyingine, yaani saa ile mtu anapotaka kuitoa. Mwaka 1678 Robert Hooke, mtaalamu wa Uingereza, alieleza kwamba kadiri springi inavyosukumwa ndivyo nayo inavyosukuma. Basi aibanaye springi huweka ndani yake nguvu ya mikono yake mwenyewe kama mtu awekaye akiba, na akiba hiyo lazima irudi yote, ama kidogo kidogo, ama kwa mkupuo.

Watu wengi husema shokapu wakikusudia vitu viwili vilivyo mbalimbali kwa tabia. Springi hubeba, shokapu hutuliza. Gari lenye springi peke yake lingepita shimo moja likaendelea kupanda na kushuka kama mtumbwi uliopigwa na wimbi. Ndani ya shokapu mna pistoni inayotembea katika mafuta. Mafuta hulazimishwa kupenya vitundu vidogo, mwendo wa kurukaruka ukageuka joto, na joto likapotelea hewani. Mafuta yakivuja, springi hubaki haina wa kuituliza: tairi huliwa kwa mabaka, breki huchelewa kusimamisha gari, na abiria huumia mgongo. Zamani aghalabu vitu hivi viwili vilikaa mbalimbali. Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani, ndiye aliyetia nguvu wazo la kuvifanya mguu mmoja, shokapu katikati na springi ikiizunguka, na Ford Consul iliyoonyeshwa London mwaka 1950 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kusimama juu ya miguu hiyo. Uamuzi huo ulipunguza vyuma na gharama kiwandani. Kwa mtengenezaji wa nyumbani, lakini, ulileta taabu mpya: hawezi kuifikia shokapu asipoishinda springi kwanza.

Taabu hiyo imefika Mafiga pamoja na magari madogo ya Japan yaliyotumika. Mafiga ni kata ya Manispaa ya Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, na jina lake ni lile lile la mawe matatu ya jikoni. Gari linaloishi hapo lina maisha mawili. Mjini hutembea juu ya lami kwa heshima; likipanda kwa jamaa milimani, hukutana na makorongo yaliyochimbwa na mvua za masika. Mwenye gari wa Mafiga huijua shokapu iliyokufa kabla ya fundi kumwambia. Hubonyeza pembe ya gari kwa uzito wa mwili wake, huiachia ghafula, kisha huhesabu. Likiinuka mara moja na kutulia, shokapu ina uhai. Likicheza mara tatu au nne, imekwisha.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mafiga alihesabu nne. Ilikuwa Juni 2014, na gari lilikuwa Toyota Corolla kuukuu. Kila mwezi alikwenda Matombo kumchukua dada yake, aliyekuwa akitibiwa mgongo, na kumleta hospitali mjini. Wakati ule njia ya Bigwa kwenda Matombo ilikuwa ya changarawe, na mgonjwa alikuwa akishika kiti cha mbele kwa mikono miwili njia nzima bila kusema neno. Kimya hicho kilimchoma mwalimu kuliko kilio. Gereji ilitaka fedha ambayo pensheni yake ya mwezi ule isingeweza kuitoa baada ya kununua shokapu zenyewe. Akaazima vibanio vya springi, akamwita mpwa wake, mtoto wa dada huyo huyo, kijana wa miaka kumi na saba aliyekuwa akikaa naye kwa ajili ya shule. Kwa Waluguru ukoo hufuatwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa na dhamana kubwa juu ya watoto wa dada yake.

Kazi ilianza vema. Nati za gurudumu zililegezwa gari lingali chini, magogo yakawekwa nyuma ya magurudumu ya nyuma, jeki ikainua, na gari likaketishwa juu ya stendi za chuma. Kijana alikuwa amekusanya matofali. Mjomba aliyakataa, kwa kuwa tofali la kuchoma hupasuka bila kutoa taarifa. Kabla ya kufungua bolti mbili kubwa za chini alichora alama kwa msumari, ili mguu urudi karibu na ulalo wake wa kwanza. Mpira wa breki uliondolewa kwenye kishikizo chake usije ukaning'inia. Juu, chini ya boneti, zilifunguliwa nati tatu za pembeni, na nati ya katikati haikuguswa. Nati hiyo ya katikati ndiyo mlinzi wa mlango: maadamu springi haijabanwa, atakayeifungua ataachilia springi nzima pamoja na kofia yake ya chuma, na vyote viwili vitaelekea pale uso wa mfunguaji ulipo.

Kibanio cha namna hii ni kitu duni kwa sura. Ni skrubu ndefu yenye kulabu mbili, moja ya kushika pindi la juu la springi na moja la chini. Hutumiwa viwili, kimoja huku na kimoja kule, vikitazamana. Huzungushwa kwa zamu, mizunguko michache upande huu, michache upande ule. Figa moja haliinjiki chungu, na kibanio kimoja hakibani springi. Kikitangulia kimoja, springi hujipinda kama upinde, kisha hutafuta mahali pa kuchomokea. Ikibanwa sawasawa hufika pahali ikaachana na kikalio chake, ikawezekana kuizungusha kwa mkono. Hiyo ndiyo ruhusa ya kuigusa nati ya katikati, wala hakuna ruhusa nyingine.

Mguu wa kulia ulikubali. Shokapu mpya ilisukumwa na kuvutwa mara kadhaa ikiwa wima ili itoe hewa, ncha ya springi ikatiwa katika kijinafasi chake, nati ikakazwa, na vibanio vikalegezwa kwa zamu kama vilivyokazwa. Kijana akaanza kuona kwamba kazi ile ni nyepesi.

Katika mguu wa kushoto, springi ikiwa imekwisha kubanwa zaidi ya nusu, kibanio kimoja kilitoa mlio mkavu kama kuni inayovunjwa. Meno ya skrubu yalikuwa yamelika, na nati yake ikaruka hatua moja. Springi ikapinda kidogo. Kijana, spana mkononi, alikuwa ameinama juu yake.

"Ondoka hapo, mpwa wangu. Simama ubavuni."

"Mjomba, imebaki kidogo tu. Nizungushe mara mbili, tumalize."

"Hiyo kidogo ndiyo yenye macho yako."

Kijana alirudi nyuma, amenuna. Mjomba akapiga goti pembeni, mbali na ncha zote mbili, akaanza kulegeza kile kibanio kizima robo mzunguko, kisha kile kibovu robo mzunguko. Muda uliotumika kukaza ulikuwa dakika kumi. Kulegeza kulichukua karibu saa nzima. Wako watakaosema kuwa kazi hii haifai kufanywa nyumbani hata kidogo. Neno lao lina haki pale chombo kinapokuwa kibovu, na chombo cha kuazima hakimwambii mtu kimepita mikono mingapi. Angekagua meno yale kwa kidole na mafuta asubuhi, asingepiga magoti jioni. Lakini si kila mstaafu ana hiari ya gereji, na ujuzi wa kuacha kazi katikati haufundishwi sana, wala hausifiwi, kwa sababu aliyeacha huonekana kama aliyeshindwa.

Springi ilipokuwa imerudi kwenye vikalio vyake, nati ya katikati ingali imefungwa, mguu ule haukuwa na hatari tena. Kijana aliuchukua begani hadi kwa fundi mwenye kibanio kikubwa cha kusimama, kile kinachoshika springi nzima katika fremu. Fundi alimaliza kwa muda mfupi, akataka malipo madogo, wala hakuuliza habari za jana. Bolti zilirudi kwenye alama za msumari. Magurudumu yakapelekwa kupimwa ulalo, maana alama ya msumari ni msaada, si kipimo.

Mwezi wa Julai dada mtu alichukuliwa Matombo kama kawaida. Mwanawe alikaa naye kiti cha nyuma. Walipokuwa wamekaribia Bigwa, mama akauliza kama yale makorongo yako mbele.

"Tumeyapita, mama," kijana akasema, akamtazama mjomba wake katika kioo.

Mjomba alikuwa akisikiliza upande wa kushoto.