Linux Ndani ya Windows, Bila Kugusa Hesabu za Dada

Vijana wanaoanza kuandika programu huniuliza swali hili mara kwa mara: je, ni lazima nifute Windows ndipo nijifunze Linux? Jibu fupi ni la. Jibu refu ndilo hili.

Laptopu ya hapa nyumbani si yangu peke yangu. Ina RAM ya GB 8, na dada yangu mkubwa huitumia kwa hesabu za duka lake la sare na vitabu vya shule. Madeni yote ya wateja yamo kwenye Excel. Nilipomwambia nataka kuweka Linux aliniangalia kwanza, kisha akasema: "Hizo hesabu zikipotea, wewe ndiwe utakayezunguka mtaani kudai pesa zangu." Nikasema sawa dada, hakuna kitakachofutwa.

Wengine hugawa diski mara mbili, wakachagua Windows au Linux kila wanapowasha mashine. Ni njia nzuri kama mashine ni yako. Lakini kugawa diski iliyobeba riziki ya mtu mwingine ni kamari, hasa betri ikiwa imechoka na stima ikipotea katikati ya shughuli. Tena kila dada akitaka kuangalia deni moja, ningelazimika kufunga kazi yangu yote na kuwasha upya.

Sasa mbona nisumbuke na Linux? Kwa sababu programu zangu za Python huishia kwenye seva za Linux, na tofauti ndogo ndogo za mifumo hii miwili huuma. Kwa kawaida Windows huona Ripoti.csv na ripoti.csv kuwa faili moja. Linux huona mbili. Mwishoni mwa kila mstari Windows huweka alama mbili zisizoonekana, Linux moja. Programu iliyokwenda vizuri kwenye laptopu inaweza kugoma kwenye seva, mteja akisubiri. Afadhali igome mapema, ukiwa bado nyumbani na chai yako.

Njia niliyochagua ni WSL. Microsoft waliitoa mwaka 2016. Toleo la kwanza lilifanya kazi kama mkalimani: programu ya Linux ikiomba kitu, yeye huligeuza ombi hilo kuwa la Windows. Tatizo, kuna maombi ambayo mkalimani huyo hakuyajua, kwa hivyo vitu kama Docker havikukubali kuendeshwa humo. WSL 2, iliyotangazwa mwaka 2019, iliacha ukalimani ikaleta kerneli halisi ya Linux ndani ya mashine pepe nyepesi.

Haya, tuingie kazini. Kabla ya yote, nakili faili muhimu kwenye flashi. Si kwamba WSL inafuta kitu, ila data ya watu haichezewi. Kisha fungua PowerShell kwa haki za msimamizi, uandike:

wsl --install

Amri hii inafanya kazi kwenye Windows 11, na kwenye Windows 10 kuanzia toleo la 2004. Italeta Ubuntu, kwa hivyo tafuta Wi-Fi badala ya kumaliza bando. Washa mashine upya, kisha uchague jina na neno la siri. Unapoandika neno la siri hutaona hata nyota moja kwenye skrini. Usidhani kibodi imekufa, endelea tu.

Ikilalamika kuhusu mashine pepe, ingia BIOS uwashe huduma hiyo. Kwenye mashine za Intel mara nyingi huandikwa VT-x, na za AMD, SVM.

Mambo matatu ndiyo yatakayokupa raha au karaha.

La kwanza ni mahali pa kuweka kazi. Ukiwa Ubuntu unaweza kuona diski ya C kupitia /mnt/c, na wengi huacha miradi yao huko. Inafanya kazi, lakini kila faili inavuka mpaka wa mifumo miwili, na mradi wenye maelfu ya faili ndogo utakwenda kwa mwendo wa kobe. Weka miradi ndani ya Linux, kwenye folda yako ya nyumbani. Ukitaka kuiona kutoka Windows, andika \\wsl$ kwenye dirisha la mafaili.

La pili ni RAM. WSL 2 huruhusiwa kuchukua hadi nusu ya RAM ya mashine. Kwa GB 8, hiyo ni GB 4, na Excel ya dada huanza kukohoa. Tengeneza faili iitwayo .wslconfig kwenye folda yako ya mtumiaji upande wa Windows, uandike humo:

[wsl2]
memory=3GB

Kisha toa amri ya wsl --shutdown ili mabadiliko yashike. GB 3 zinanitosha kwa Python na PostgreSQL. Na ukimaliza kazi, amri hiyo hiyo huirudishia Windows RAM yote.

La tatu ni akiba. Ubuntu nzima inaweza kufungwa kuwa faili moja:

wsl --export Ubuntu D:\ubuntu.tar

Laptopu ikiharibika au ikiibwa, unaifungua kwenye nyingine kwa wsl --import na mazingira yako yanarudi yalivyokuwa.

Kizuri zaidi kwa mashine ya familia: Ubuntu hukaa kwenye akaunti ya aliyeiweka. Kila mtu akiwa na akaunti yake ya Windows, wengine hawatajua hata kama ipo.

Najua wengi wenu mnatumia mashine ya mzazi, ya ofisi au ya kuazima, na mnangoja siku ya kununua yenu ndipo mwanze. Msingoje. Ombeni ruhusa kwa mwenyewe, nakilini faili zake, mwanze leo jioni. Kazi njema.