Safari ya Kajiado na Watoto Watatu

Mwezi wa Agosti niliwachukua watoto wangu kutoka Kitengela kwenda Kajiado, ili babu yangu awaeleze habari za ukoo wetu angali na nguvu za kusema. Mkubwa apenda gari la moshi, binti apenda wanyama, na mdogo hapendi lolote ila kula.

Binti alihuzunika mapema. Uwanda ambao nyumbu na punda milia waliupita makundi kwa makundi kutoka mbuga ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, sasa umejaa nyua na maduka. Alihesabu punda milia wanne.

Tulipofika nilimwomba babu aanze na mkataba wa 1911, uliowaondoa Wamaasai Laikipia na kuwaleta kusini. Nilikuwa na maswali daftarini, kama ilivyo desturi yetu makarani. Watoto wakapiga miayo.

Ndipo mkubwa akauliza, "Babu, reli ya Magadi iko wapi?" Mzee akashika fimbo yake, tukamfuata hadi relini. Hapo akasema kwamba baba yake, aliyehama Laikipia akiwa mtoto mchunga ndama, alipenda kuketi mahali pale na kutazama mabehewa. Alikuwa akisema, "Kama tungalibebwa hivi, mama asingalifia njiani."

Neno hilo sikuwahi kulisikia maishani mwangu.

Mdogo akauliza, "Hakupewa maziwa?" Binti akauliza jina lake. Babu akanyamaza kitambo, kisha akalitaja, nami nikafunga maswali yangu nikaliandika.