Sifuri, Mosi na Mizani

Hapa Arusha ninaandika programu ndogo ya kukagua vina na mizani. Mshororo wa mizani 16 naupanga katika safu, kila silabi na chumba chake. Swali ni dogo kwa sura, zito kwa matokeo: chumba cha kwanza kipewe namba 0 au 1?

Lugha za kompyuta zenyewe hazijaafikiana. C na Python huanza na 0. R na Lua huanza na 1. Mwaka 1982 Mholanzi Edsger Dijkstra aliandika waraka mfupi wa kuitetea sifuri. Hoja yake hudhihirika katika shairi: ukwapi huanza 0 na kukoma kabla ya 8, utao huanza 8 na kukoma kabla ya 16. Toa mwanzo katika kikomo, utapata idadi ya mizani papo hapo.

Lakini malenga hahesabu hivyo. Kwake kina cha kati ki katika mizani ya 8. Kijana akifundishwa na mashine kusema ni ya 7, hataelewana na waliomtangulia.

Kiswahili, hata hivyo, kimezoea hesabu zaidi ya moja. Jumatano ni siku ya tano tangu Jumamosi; Alhamisi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ya tano tangu Jumapili. Tano mbili zimekaa bega kwa bega, wala hatukosi miadi. Tusemapo saa moja asubuhi, saa nzima imekwisha kupita tangu kukucha. Na Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, haupimwi kuanzia hapa mjini tulipo, bali kuanzia usawa wa bahari.

Basi mosi huhesabu vitu. Sifuri hupima umbali kutoka mwanzo. Tena neno "kwanza" limetokana na kuanza, si na moja. Kwa hiyo silabi ya kwanza yaweza kuwa na umbali wa 0 pasipo ukinzani wowote.

Nimeamua hivi: ndani ya programu itabaki 0, nami nitaiita "umbali". Neno "nafasi" nimeliacha, kwani nafasi ya sifuri humfanya mwanafunzi adhani hapana kitu. Kwenye kioo, mshairi ataonyeshwa mizani ya 1 hadi ya 16, kama alivyofundishwa. Mwenye istilahi iliyo bora kuliko "umbali" na ailete, tuipime.