Mwili wa Shujaa na Sauti Yake: Mwanamichezo na Mwigizaji Machoni pa Watazamaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Miongoni mwa maswali ambayo uhakiki wa sanaa za maonyesho haujayapa nafasi ya kutosha ni hili: nafasi ya shujaa katika filamu za watu wenye nguvu za ajabu apewe nani? Apewe mwanamichezo, ambaye misuli yake ni ya kweli, au mwigizaji aliyeisomea kazi hiyo? Yaweza kudhaniwa kwamba swali hili linawahusu watengenezaji filamu wa Marekani peke yao. Hata hivyo, upande wa bara wa Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, lilijadiliwa miaka mingi katika mabanda ya video, na waliolijadili hawakulihitaji darasa ili kulielewa.

Yafaa ikumbukwe ni nani walioketi katika mabanda hayo. Walikuwa makuli wa bandari, mahamali wa mikokoteni, mafundi, wavuvi, na vijana waliotoka kunyanyua vyuma. Hawa ni watu waujuao mwili. Aliyewahi kubeba gunia la kilo 90 anafahamu kwamba uzito hauanzii mkononi bali miguuni; kwamba shingo hukaza kabla ya mgongo, na pumzi hushikwa kabla ya neno kutoka. Mtazamaji wa aina hii ni vigumu kumghilibu. Kwake yeye, steringi asiyejua kukunja ngumi ni kichekesho, hata awe amehitimu chuo gani.

Kwa mtazamo wa haraka, basi, hoja hiyo ingempa ushindi mwanamichezo. Lakini tukizingatia namna filamu zenyewe zinavyotengenezwa, mambo hugeuka. Gari analoliinua shujaa mara nyingi ni sanamu tu, au halipo kabisa, hutiwa baadaye kwa mitambo. Mwanamichezo asiye na mafunzo huliinua kama lilivyo, yaani jepesi. Ni mwigizaji anayelazimika kuuzua uzito usiokuwapo, kuanzia miguuni kama afanyavyo hamali. Kwa hakika, mwanamichezo hufunzwa kuyaficha maumivu ili mpinzani asiyaone. Mwigizaji hufunzwa kuyadhihirisha ili mtazamaji ayaone. Na shujaa asiyeumia hana kisa cha kusimuliwa.

Watengenezaji wa filamu walikwisha kulitambua tatizo hili, na suluhisho lao la awali lilikuwa ni kumgawa shujaa mafungu. Katika mfululizo wa televisheni wa The Incredible Hulk, ulioonyeshwa kati ya 1978 na 1982, Bill Bixby aliigiza daktari mwenye majonzi, naye Lou Ferrigno, mtunisha misuli, akawa zimwi la kijani ambalo daktari huyo hugeuka akikasirika. Katika misimu ya mwanzo hata ngurumo za zimwi hilo zilitolewa na mtu wa tatu, Ted Cassidy. Mwaka 1977, katika Star Wars, mwili wa Darth Vader ulikuwa wa David Prowse, mnyanyua vyuma wa Uingereza, na sauti ikawa ya James Earl Jones, mwigizaji wa jukwaani. Ni Prowse huyo huyo aliyemfanyisha mazoezi Christopher Reeve, aliyesomea uigizaji katika chuo cha Juilliard, ili apate mwili wa Superman wa 1978. Katika kisa cha kwanza mwanamichezo aliazimwa sauti. Katika cha pili mwigizaji alisaidiwa kuujenga mwili.

Mgawanyo huo haukuwa mgeni kwa watazamaji wa Afrika ya Mashariki. Nchini Kenya, DJ Afro alipata umaarufu kwa kuzisimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili, akiwatia wahusika maneno na dhamiri ambazo hawakuwa nazo. Nchini Uganda, Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, akiwatumia vijana wa mtaani mwake na wajuzi wa kung fu. Nayo sauti ya msimulizi VJ Emmie ikawa sehemu ya filamu yenyewe. Msimulizi wa namna hii hutimiza kazi ambayo mwili, hata uwe hodari kiasi gani, umeiacha wazi. Mapokezi yake ni ithibati kwamba hadhira ilihitaji zaidi ya teke na ngumi.

Lakini je, ni lazima mafungu hayo mawili yatengane? Bruce Lee, aliyechukuliwa na wengi kuwa mpiganaji tu, alikuwa ameigiza katika filamu za Hong Kong tangu utotoni. Mfano wa karibu zaidi ni Edi Gathegi, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1979 na kukulia California. Alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu chuoni hadi alipoumia goti. Ndipo akaingia darasa la uigizaji, kisha akaendelea na masomo hayo katika Chuo Kikuu cha New York. Aliigiza Darwin katika X-Men: First Class (2011) na Mister Terrific katika Superman (2025). Mister Terrific, katika vitabu vya katuni, ni bingwa wa Olimpiki. Hivyo mwanamichezo wa kubuni amepewa mtu ambaye kuumia kulimtoa mchezoni kukamleta jukwaani.

Fasihi ya mwambao ilikuwa na jibu lake tangu zamani. Fumo Liyongo hasifiwi kwa nguvu pekee. Akiwa kifungoni, alitunga wimbo uliombeba ujumbe wa siri hadi kwa mamake, naye akamfichia tupa ndani ya mkate. Kisha kishindo cha ngoma ya gungu kikaufunika mlio wa minyororo ikikatwa. Nguvu zake zingebaki kifungoni lau si usanii wake. Na alipochomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, alipiga magoti karibu na kisima huku ameushika upinde, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji hawakuthubutu kuteka maji, kwa kuwa mwili ule ulikuwa bado ukiigiza uhai.

Katika muktadha huu, anayetaka kutengeneza filamu ya shujaa huko Likoni au Changamwe hana upungufu wa vijana wenye miili iliyokomaa. Upungufu uko katika mafunzo: ya sauti, ya kunyamaza, ya kuanguka na kuonekana umeanguka. Kijana anayeingizwa mbele ya kamera kwa sababu ya kifua chake, asifunzwe lolote, huwa ameazimwa kama kifaa, na siku misuli itakapolegea hatahitajika tena. Akifunzwa, ile elimu ya uzito aliyoipata bandarini itakuwa ni mtaji ambao mwigizaji wa chuoni hana budi kuutafuta kwa taabu.