Kukaa kwenye benchi si kushindwa



Majuma mawili yaliyopita, Siku ya Posho, kisha kugawanya likelemba, mama mumoja wa kikundi chetu alisimama. Anauzisha makala sokoni, na wote tunamujua kuwa mutu asiyesema mengi. Alisema: «Wamama, mwaka uliopita mulitoa pesa kwenye sanduku la musaada ili binti yangu alipe minervali ku unive. Ninawashukuru. Lakini mwaka huu ninaomba musilipe kitu mupaka aache mupira wa basketi. Mwaka muzima amekaa kwenye benchi. Na mutihani mumoja umemushinda, anapaswa kuurudia. Mimi sina mutoto wa kupoteza kwenye benchi.»

Tulinyamaza. Wamama wengi walitikisa kichwa kumuunga mukono. Sisi tunaoandika mustari huu tulinyamaza kwa sababu ingine: huyo binti alipita mikononi mwetu ku masomo ya sekondari, na kuko jambo ambalo hatukuwa tumemuambia mama yake.

Siku ile tulilisema. Binti alipokuwa angali ku sekondari, pointi zake za hesabu zilianguka. Alikuwa anapenda mupira kupita kila kitu, na sisi tukafikiri tumepata adui. Tulichukua mupira, tukaufungia katika kabati ya ofisi, tukamuambia: «Utauona tena siku buletini yako itakuwa nzuri.» Tulijiona walimu hodari. Lakini pointi hazikupanda. Zilizidi kushuka, na binti akaanza kuchelewa, kisha akaanza kukosa kabisa. Mwenzetu anayefundisha jimnastiki alituambia siku moja: «Madamu, huyu mutoto alikuwa anakuja asubuhi mapema juu ya mupira. Mumefunga mulango aliokuwa anapitia kuingia.» Tulimurudishia mupira. Hakukuwa wa kwanza wa darasa, lakini alirudi, alikaa, na alipata diplome yake ya leta.

Mama yake alisikiliza yote hayo bila kukasirika. Kisha aliuliza ulizo la haki: «Sawa, Madamu. Lakini mupira utamupeleka wapi?»

Tuliwaambia wamama habari ya mutoto mwingine wa inchi yetu, ambaye wote tunajua jina lake: Dikembe Mutombo. Wengi wanamukumbuka kwa kile kidole chake alichokuwa anatikisa kisha kuzuia mupira wa mwenzake, kana kwamba anasema «hapana, si hapa kwangu». Lakini wachache wanajua namna miaka yake ya unive ilivyokuwa, na ndiyo tulitaka wamama waisikie.

Alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1966. Mwaka wa 1987 alikwenda Marekani, ku unive ya Georgetown katika muji wa Washington, kwa bursi. Hakwenda kutafuta basketi. Alitaka kujifunza kazi ya munganga. Alikuwa murefu zaidi ya metre 2, na kochi wa Georgetown, John Thompson, alimutaka katika ekipe yake. Lakini alikuwa hajui Kiingereza. Basi ule mwaka wa kwanza hakucheza na ekipe hata mechi moja. Alikaa na vitabu, akajifunza lugha.

Mwaka wa pili, sezoni ya 1988-89, aliingia uwanjani, lakini kidogo tu. Kulikuwa kijana mwingine murefu, Alonzo Mourning, aliyekuwa amefika tu na ambaye watu wote walimuongelea. Mutombo hakufikisha pointi 4 kwa mechi, ukigawanya kwa mechi zote. Mama yeyote aliyehesabu pointi tu angesema: mutoto wangu anapoteza wakati. Lakini sezoni ile ile, katika mechi moja na ekipe ya St. John's, alizuia mitupo 12. Kazi ya mulinzi haionekani sana kwenye ubao wa pointi, lakini kochi aliiona.

Mwaka uliofuata alipita pointi 10 kwa mechi, na akakamata mipira zaidi ya 10 inayogonga ubao na kurudi. Sezoni yake ya mwisho, 1990-91, alipita pointi 15 na mipira 12. Mwaka wa 1991 alimaliza masomo, si ya uganga tena, lakini ya lugha na ya diplomasia. Mwaka ule ule ekipe ya Denver Nuggets ilimuchagua, yeye akiwa wa 4 kati ya vijana wote wa mwaka ule. Alicheza sezoni 18 katika NBA, na mara 4 alipewa sifa ya mulinzi bora wa mwaka.

Hakukuwa munganga. Lakini alijenga hospitali Kinshasa, na akaipa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Alikufa tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka wa 2024, na wagonjwa wangali wanapita katika mulango ule.

Mama wa makala alicheka kidogo. «Madamu, yule alikuwa mwanaume. Alikuwa murefu kama muti. Na alikuwa Marekani.»

Alikuwa na haki, na tulimukubalia. Hatukutaka kumudanganya. Katika watoto mia moja wanaocheza basketi ku unive, wale watakaokula kwa mupira wanaweza kukosa kabisa. Lakini juu ya neno «mwanaume» tulimujibu. Wakati inchi yetu ingali inaitwa Zaire, ekipe yetu ya wanawake ilikuwa bingwa wa Afrika mara tatu: 1983, 1986 na 1994. Mwaka wa 1996 wasichana wetu walicheza Michezo ya Olimpiki kule Atlanta. Mumoja wao, Mwadi Mabika, muzaliwa wa Kinshasa, alicheza Marekani katika ekipe ya Los Angeles Sparks, na wakachukua kombe mwaka wa 2001 na tena 2002. Wale wote walikuwa na mama. Na bila shaka kati ya wale wamama kulikuwa waliouliza: mupira utamupeleka wapi?

Hata hivyo hatukumaliza shauri siku ile. Tulipatana kwamba mbele ya kukata musaada, watatu wetu waende kumuona binti mwenyewe.

Tulikwenda Siku ya Yenga kisha ibada. Tulimukuta anafua nguo za wadogo zake. Alipotuona alifikiri tumekuja kumuhukumu, akapiga magoti kutusalimia na hakutaka kuinua macho. Tulimuambia: «Mwanetu, tueleze tu mwaka wako.»

Alitueleza. Alipofika ku unive, kochi alimuweka karibu na kikapu sababu ni murefu. Lakini ku sekondari hakuna aliyekuwa anaweza kuruka kama yeye, kwa hiyo hakujifunza kuweka miguu yake vizuri. Huku alikutana na wasichana wenye nguvu. Kila mara alichelewa nusu hatua, akamugonga mwenzake, murefa akapiga filimbi. Makosa matano unatoka. Mechi yake ya kwanza hakumaliza hata kipindi cha pili. Ndiyo sababu kochi alimukalisha kwenye benchi.

«Ulilia?» tulimuuliza.

«Nililia, Madamu. Kisha kochi aliniambia nikae karibu naye na niangalie miguu tu, nisiangalie mupira.»

Aliingia ndani akaleta kaye. Tulifikiri ni kaye ya masomo. Ilikuwa imejaa mistari yake: mechi kwa mechi, nani alisimama wapi, nani alichelewa, kosa lilitoka wapi. Nyuma ya kaye kulikuwa hesabu ya mitupo ile unayopewa mwenzako akikukosea. Kila mazoezi anatupa 20. Mwanzoni mwa mwaka 7 iliingia. Sasa 13. Sisi tulioteseka naye kwa hesabu ku sekondari tulitazamana. Mutoto ambaye tulisema hapendi hesabu alikuwa amehesabu mwaka muzima bila mutu kumutuma.

Basi tuliuliza juu ya mutihani. Ilikuwa anatomia, sababu anajifunza kazi ya uuguzi. Na hapo ndipo tulipojua jambo ambalo hakuna mutu kati yetu alikuwa ameuliza. Mazoezi yanaisha saa kumi na moja na nusu ya mangaribi. Akifika nyumbani, mama angali sokoni. Yeye anachota maji, anapika bukari na sombe, anaosha wadogo watatu. Akimaliza, umeme umekatika. Anasoma kwa tochi ya telefone mupaka telefone inazimika. Tulimuuliza: «Na siku zisizo za mazoezi?» Akajibu: «Ni vile vile, Madamu. Ila ninaanza kupika mapema kidogo.»

Wamama, tuseme ukweli. Sisi wote tulikuwa tayari kuufunga mupira katika kabati mara ya pili. Mupira unachukua saa mbili, mara tatu kwa juma. Nyungu, ndoo na giza vinachukua kila mangaribi, lakini hivyo hatukuvishitaki, sababu ni kazi ya binti na tumezoea kuiona.

Mbele ya kutoka tulimuuliza sezoni inayokuja anatumainia nini. Tulifikiri atataja Marekani. Alifikiri kwanza, kisha akasema: «Dakika kumi kwa kila mechi, nisitoke kwa makosa matano. Mitupo 16 kwa 20. Na anatomia ipite.» Kisha akaongeza kwa sauti ya chini: «Na mama aje aone mara moja. Hajawahi kuniona nikicheza.»

Hayo yote tuliyapeleka kwa mama yake jioni ile ile, hata hilo la mwisho. Hakujibu kitu. Aliuliza tu: «Wanacheza saa ngapi?»

Siku ya Posho iliyopita ekipe ilikuwa na mechi ya urafiki ya kujitayarisha. Tulikwenda wamama sita. Mama wa makala alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, vumbi jeusi lingali mikononi, akakaa kwenye ukuta. Binti hakuanza. Alikuwa kwenye benchi, na tuliona mama yake anakaza midomo. Kwenye kipindi cha pili kochi alimuita. Alicheza dakika kama nane. Alitia vikapu viwili tu. Lakini mara nyingi tuliona wasichana wa ekipe ingine wanafika karibu na kikapu, wanamukuta amekwisha kusimama, miguu imepanuka, mikono juu, na wanarudisha mupira nyuma. Alifanya kosa moja tu.

Mama yake aliangalia muda murefu. Kisha akatuuliza: «Sababu gani anakimbia sana wakati hana mupira?»

Tulimueleza kwamba anawahi mahali ambapo yule mwingine anataka kupita, ili akifika akute mulango umefungwa.

«Kumbe ni kazi,» alisema. Na mechi ilipoisha alikwenda kumukamata binti yake mukono, wakarudi nyumbani pamoja kwa miguu. Njiani waliongea nini, hatujui.

Sasa haya ndiyo tulipatana, na tunayaandika hapa ili kila mama wa kikundi ayajue. Sanduku la musaada litalipa sehemu ya kwanza ya minervali. Sehemu ya pili itangojea matokeo ya anatomia; binti mwenyewe amekubali. Mama mumoja anayekaa karibu na unive iko na taa ya jua, na ametoa meza yake mangaribi tatu kwa juma, siku za mazoezi. Kaka yake mwenye miaka 14 atapika bukari zile siku tatu. Alinungunika, lakini mama yake alimuambia kwamba moto haujui mwanaume na mwanamuke. Na tumeongea na kochi: siku inayotangulia mutihani, hakuna mazoezi kwake.

Hatujui kama atapata dakika zake kumi. Wenzake nao wanazitafuta. Anaweza kukaa tena kwenye benchi mwaka muzima, na hapo tutahitaji kukumbuka kwamba mutoto akiwa kwenye benchi na kaye mukononi, angali anajifunza.

Kwa sasa tunawaomba jambo moja, ninyi wamama mulio na watoto ku sekondari ao ku unive. Mbele ya kumukataza mutoto kitu anachopenda, hesabuni kwanza saa za siku yake, moja kwa moja, tangu anapoamuka mupaka anapolala. Andikeni kwenye karatasi. Muilete ku mukutano wa Siku ya Posho inayokuja, tuisome pamoja. Kisha mukutano, mwenye nafasi atakuja na sisi uwanjani. Mechi ya kwanza ya sezoni itaanza saa tisa, na mama wa makala amesema yeye ndiye atatutunzia nafasi kwenye ukuta.